Tupeane uzoefu: Umewahi kuitumia bendera ya taifa kama pambo la picha?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Ni mwaka wangu wa kumi na mbili napiga picha studio, na kuna jambo limenikaa rohoni. Naomba kila mtu aeleze yaliyompata mwenyewe.

Alikuja binti mwanariadha, ametoka kushinda mashindano yake ya kwanza nje ya nchi. Alitaka apigwe akiwa amevaa bendera kama gauni. Nikamzungushia, nikaibana mgongoni kwa vibanio vinne, na upande mmoja nikauachia uburute sakafuni kama mkia wa gauni la bibi harusi. Mkia huo niliubuni mimi, yeye hakuuomba. Usiku nikiwa nahariri, nikaikuza ile picha niliyoipenda kuliko zote. Kwenye pindo palikuwa na alama ya soli, mpaka michirizi yake inahesabika. Soli ya kiatu changu. Niliikanyaga bendera wakati nasogeza taa.

Nikaifuta alama, nikamkabidhi picha zake, naye akaziweka mtandaoni. Watu wakamshukia vibaya. Habari ya kiatu hawakuijua, walichukizwa na bendera kuburutwa. Matusi yote yakaenda kwa mtoto wa watu aliyeisababisha bendera hiyohiyo ipandishwe ugenini, na mimi niliyepanga kila kitu sikutajwa popote. Niliandika hadharani kwamba mkia ulikuwa wazo langu, lakini nilichelewa siku tatu. Siku tatu hizo bado zinaniuma.

Ninyi wenzangu mnaweka mpaka wapi?

Mchangiaji 1

Pole sana mkuu. Mimi napiga watoto wachanga. Mtakumbuka mwaka 2015 kule Marekani ilizuka picha ya kichanga amelazwa ndani ya bendera kama kwenye machela, imeshikwa na mwanajeshi wa majini aliyevaa sare. Wako walioililia kwa uchungu wa mapenzi, wako walioiita kufuru.

Muda si mrefu akaja mama na mwanawe wa siku tisa, anataka vilevile. Bendera aliyobeba ndiyo iliyofunika jeneza la babu wa mtoto. Bibi alikuwepo, hakusema kitu, ila nilimwona anautazama ule mfuko kila nilipousogelea. Mtoto mchanga anakojoa wakati wowote, hilo sisi tunalijua. Nikashauri tusiikunjue kabisa. Bibi akaketi, bendera iliyokunjwa ikakaa mapajani, mjukuu akalala kwenye mkono wake. Muda wote alishika kona ya bendera kwa vidole viwili. Picha waliyoichagua ni ya vidole vile.

Mchangiaji 2

Wakuu, heshima ni kitu kimoja, sheria ni kingine, na sheria hazifanani. Mwaka 2010 huko Nice, Ufaransa, picha ya mtu anayejipangusa makalio kwa bendera ilishinda shindano la picha. Julai mwaka huohuo serikali ikatoa amri yenye faini ya hadi euro 1,500 kwa kuidhalilisha bendera. India wana sheria ya mwaka 1971, kifungo chake kinafika miaka mitatu. Marekani kanuni za bendera zinasema isifanywe nguo wala tandiko, lakini mwaka 1989 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba hata anayeichoma kwa kuandamana analindwa na katiba. Kwa hiyo ukisafiri na kamera, uliza kwanza.

Mimi nilinaswa kwenye nembo ya taifa. Mteja alitaka bidhaa yake ipigwe mbele ya nembo, nikapiga bila kuuliza. Baadaye akaikata picha akaifanya alama ya biashara, ikakataliwa. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa kuhusu alama za biashara na uvumbuzi, unazuia hilo tangu 1925, kifungu cha 6ter. Kazi ya wiki mbili ikaenda na maji. Siku hizi nauliza mapema picha inakwenda kuuza nini.

Mchangiaji 3

Naomba nitofautiane kidogo. Tukiogopa hivi, bendera itabaki kwa wanasiasa peke yao. Mwaka 1942 mpiga picha Gordon Parks alimsimamisha Ella Watson, mfagiaji wa ofisi za serikali Washington, mbele ya bendera kubwa ya Marekani, ufagio mkono mmoja, na deki imesimama kando yake. Ile picha ilipangwa, na bendera ilikuwa pambo hasa. Lakini mtazame yule mama, kisha uniambie nani kaidharau nchi.

Mimi nilimpiga baba yangu mbele ya bendera, ameshika faili la mafao anayoyafuatilia miaka sita. Majirani walisema nimeitukana nchi. Baba alisema kaitumikia nchi hiyo kwa jasho, ana haki ya kusimama nayo. Ningepewa nafasi tena, ningepiga vilevile.

Mwanzisha uzi

Mchangiaji 3, umenifikirisha. Baba yako alikuwa na sababu ya kusimama pale. Ule mkia wangu haukuwa na sababu yoyote zaidi ya kupendeza.

Nimalizie kisa. Mwezi uliopita binti alirudi kupigwa upya. Kabla hatujaanza nikamwambia habari ya alama ya kiatu, maana nilikuwa sijamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba nivue viatu. Naye akavua vyake. Tukaishika ncha mbili mbili, tukaitundika ukutani pamoja.