Siku ya 9 ya dawa za sonona na nafuu siioni, nyie mlipitishaje hizi wiki?

binti_uyole: Habari zenu wapendwa. Niko Uyole hapa Mbeya. Daktari kanianzishia fluoksetini miligramu 20, kimoja asubuhi, leo siku ya 9. Alinambia inachukua muda ila naona kama ndo nimeongezewa, kichefuchefu, mikono inatetemeka, saa tisa usiku macho makavu nasikiliza malori ya Tunduma yanavyopita, na hii baridi ya Julai hata kutoka kwenye blanketi ni shughuli. Jana nimekaa na beseni la viazi tangu saa nne mpaka saa saba sijamenya hata kimoja. Mama mkwe anasema niache, hizo dawa za vichaa. Sitaki kuacha, ila mtu anaishije hapa katikati?

kihesa_juu: Pole sana dada yangu. Mi niko Iringa, mwaka juzi nilipewa amitriptilini, ile ya kunywa usiku, mdomo unakauka kama umebwia unga. Nikanywa siku 12 nikaona haifanyi kitu nikaacha kimyakimya, nikashuka kuliko mwanzo, ikabidi nianze upya. Awamu ya pili nikakubaliana na mke wangu nisijipime kila asubuhi, yeye ndo aniangalie. Wiki ya 3 akanambia jana umeomba kuongezewa mboga, wala sikugundua! Moyo wenyewe kuchangamka ilikua kama wiki ya 6 hivi. Viazi menya vitatu tu, vingine waachie wenzio.

nesi_mstaafu_njombe: Mwanangu pole, na hongera kwa kutoacha. Madhara yanatangulia, nafuu inakuja nyuma, ndo zilivyo hizi dawa, ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Wengi huanza kuona kitu wiki ya 2 mpaka ya 4, nguvu kamili hata wiki ya 6 mpaka 8, na mara nyingi usingizi na hamu ya kula hutangulia kabla ya furaha. Kunywa asubuhi baada ya uji maana hiyo ikinywewa jioni inakesha na wewe. Ulanzi na pombe yoyote weka mbali, usijiongezee dozi, na huko kutetemeka kamwambie daktari. Sasa nikuulize waziwazi kama mama yako, mawazo ya kujidhuru unayapata? Wiki za mwanzo yanaweza kuja au kuzidi, hasa kwa walio chini ya miaka 25. Kama yapo usisubiri tarehe ya kliniki, mwambie mtu wa hapo nyumbani muende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na vidonge akae navyo yeye.

binti_uyole: Shikamoo mama. Nina miaka 24. Yalinijia Jumapili na leo tena, sikumwambia mtu. Nimempa mume wangu simu kasoma ulichoandika, hajasema neno, kachukua vidonge kaweka kwenye koti lake kaenda kuita bajaji. Mtoto tunamwacha kwa jirani. Kaka wa Kihesa, leo nilimenya vinne.

nesi_mstaafu_njombe: Marahaba mwanangu. Ukifika waambie hivyohivyo ulivyoniambia, usipunguze kitu. Sijalala, nasubiri uniandikie.