Nataka kuendesha trela kampuni ya vifurushi yenye chama cha wafanyakazi. Nianzie wapi? (Louisville)

Kijana_wa_Nyarugusu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nina miaka 27, mke na watoto wawili, tunakaa Louisville, Kentucky. Nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma, na grini kadi ninayo. Kwa sasa napakia mizigo kwenye ghala moja, dola 18 kwa saa, na ratiba ya kesho tunaipata usiku wa leo.

Binamu yangu ana CDL, yaani leseni ya magari makubwa, anaendesha masafa marefu na analipwa kwa maili. Akikwama siku nzima kwenye geti anasubiri kupakiwa, hiyo siku imekwenda bure, na makato ya lori hayamsubiri. Juzi kafanya kazi wiki nzima akapokea hela ya mafuta ya kupikia. Hiyo njia siitaki.

Kila mtu hapa ananiambia UPS, ile kampuni ya vifurushi: dereva wa trela anapata dola 170,000 kwa mwaka na chama kinamlinda. Ni kweli? Nimetajiwa shule ya CDL ya dola 5,000. Nilipe kwanza halafu niombe, au niingie kwa mlango wa kupakia usiku?

Trela_Mbili

Marahaba mdogo wangu. Mimi ni wa Mombasa, nimeendesha Mombasa hadi Malaba kabla ya kuja huku, na sasa navuta trela za hiyo kampuni usiku. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na nimeona vijana wetu wengi wakipotezwa na maneno ya mtaani.

Kwanza hiyo 170,000. Ilitajwa mwaka 2023 na mkuu wa kampuni, na ilikuwa mshahara pamoja na bima, pensheni na mengineyo, tena kwa dereva wa muda wote mwishoni mwa mkataba wa chama na kampuni wa miaka mitano, unaoisha 31 Julai 2028. Hesabu ya kupangia maisha ni ile ya saa: kiwango cha juu cha dereva kitafika wastani wa dola 49 mkataba ukiisha. Na hicho kiwango hukipati siku ya kwanza. Dereva mpya wa gari la kahawia, lile la kusambaza vifurushi, huanzia dola 23 na kupanda ngazi kwa miaka minne. Usikope nyumba kwa hesabu ya 49 wakati uko ngazi ya 23.

Sasa swali lako lenyewe. Ingia kwa kupakia, na ingia mapema. Mkataba ulipandisha mshahara wa kuanzia wa wapakiaji wasio wa muda wote hadi dola 21, kwa hiyo kwa saa tayari unaizidi hiyo ghala, ingawa saa zenyewe ni chache na itabidi uwe na kibarua kingine cha kujazia. Ila unachokifuata pale ni tarehe. Tarehe yako ya kuajiriwa ndiyo inayoamua nani anapewa nafasi, nani anachagua likizo, nani anapunguzwa kwanza kazi ikipungua. Meneja hawezi kumruka mtu ampe mpwa wake. Nafasi ya udereva ikibandikwa ubaoni unaandika jina, na wa zamani kuliko wote ndiye anayechukua. Nafasi nyingi zinakwenda kwa walio ndani. Kwa kawaida watu sita wa ndani kwa mmoja wa nje. Mwenye CDL mpya ya dola 5,000 aliyesimama nje anagombea hiyo moja.

Ujue pia kwamba ukitoka kwenye upakiaji ukawa dereva wa muda wote, unaanza mkiani mwa orodha ya madereva. Hapo utasambaza mizigo mlango kwa mlango, mbwa, ngazi, joto la Julai, miaka kadhaa huenda, ndipo upande kwenye trela, ambazo sisi tunaziita fida. Vituo vingine fida inapatikana haraka, vingine wazee wameishikilia mpaka wastaafu. Uliza kituo chako. Na ukishinda hiyo nafasi, vituo vingi kampuni yenyewe inakufundisha na kukupeleka kwenye mtihani. Ndiyo maana nasema hizo dola 5,000 zishike kwanza.

Kazi yenyewe ikoje? Naripoti usiku, nakuta nimepangiwa trela mbili fupi, futi 28 kila moja. Nzito naiweka mbele. Katikati yao kuna kigari cha magurudumu chenye ndoano, tunakiita doli. Unalisogeza kichwa, unakisukuma doli kwa mikono, unarudi nyuma, unashuka. Hapa hakuna tanboi. Unaingia chini na tochi kuangalia kwa macho yako kwamba taya zimefunga kwenye pini, hakuna mwanya wa mwanga. Unaunganisha mabomba ya hewa, unasikiliza. Januari mipira ya mabomba inakauka kwa baridi, vidole navyo havisikii, na hewa ikivuja kidogo tu mlio wake unaujua. Halafu unapanda, unaliweka gia, unalivuta kidogo breki za trela zikiwa zimeshika. Likikataa kwenda, hapo ndipo safari inaanza. Dakika hizo zote nalipwa. Kusubiri getini nalipwa. Nikishatimiza kazi ya saa nane kwa siku, zinazozidi ni ovataimu. Binamu yako angezielewa sentensi hizi tatu kuliko mtu yeyote.

Kisha naendesha hadi kituo cha kati, nabadilishana trela na dereva aliyetoka upande wa pili, nageuza. Asubuhi niko kwangu, watoto wanakwenda shule. Usingizi wa mchana ndio wa kuugombania; mapazia meusi, simu imezimwa, na mke awaeleweshe wageni wanaogonga saa sita mchana kwamba nyumba hii ina mtu amelala.

Mama_Furaha

Mwanangu, mimi nachambua vifurushi pale Worldport, kituo kikuu cha UPS uwanja wa ndege, zamu ya usiku. Trela siziwezi lakini nakuongezea moja ambalo kaka hapo juu hakulisema. Bima ya afya: ukishamaliza muda wa kusubiri, hawakati mchango kwenye mshahara wako. Nyumba yenye watoto wawili hilo ni jambo kubwa. Na kuna mpango wa Metro College, upo tangu 1998, wa sisi wa usiku kusoma University of Louisville au chuo cha Jefferson bila kulipa ada. Binti yangu amesoma hivyo. Kama mkeo anataka shule, huenda yeye ndiye aingie usiku. Mkae mzungumze.

Mzigo_KY

Samahani Trela_Mbili, mwambieni na upande mwingine. Mwaka 2025 UPS ilitangaza kupunguza kazi 20,000 na kufunga majengo 73, na kwamba itapunguza mzigo wa Amazon kwa zaidi ya nusu kufikia katikati ya 2026. Na chama si kinga ya kila kitu: kampuni ya malori ya Yellow ilikuwa na chama hichohicho cha Teamsters, ikafa 2023, wanachama kama 22,000 wakabaki mikono mitupu. Kijana ana watoto.

Trela_Mbili

Ni kweli kabisa, na aliyeajiriwa jana ndiye anayeumia wa kwanza. Kwa hiyo usiache ghala siku unayoanza. Kama zamu hazigongani, shika zote mbili mpaka uone kituo chako kinapumua vipi. Kama hakiajiri, geuza hesabu: tafuta CDL kupitia mwajiri mwingine wa Teamsters anayelipa kwa saa.

Ila sikubali mtu aishie kwenye "chama si kinga". Masharti ninayofanyia kazi leo hayakushuka kama mvua. Agosti 1997 wafanyakazi 185,000 waligoma siku 15, wakarudi na ahadi ya nafasi mpya 10,000 za muda wote. Mwaka 2023 ilibaki kidogo tugome tena. Mkataba ukapitishwa kwa asilimia 86.3. Kentucky tangu 2017 sheria haikulazimishi kulipa ada ya chama. Lipa. Ni kama mshahara wa saa mbili na nusu kwa mwezi. Hudhuria mikutano ya Local 89, tawi la chama hapa Louisville, jua sura ya mwakilishi wako, na ukiitwa ofisini kuhojiwa mwambie unataka awepo.

Kijana_wa_Nyarugusu

Asanteni sana, mama na kaka zangu. Moja tu: Kiingereza changu cha kusoma ni kizuri, cha kuongea nagugumia. Na je, ikibidi shule, nichague vipi?

Trela_Mbili

Kiingereza kifanyie kazi kuanzia leo. Sheria ilikuwepo zamani, lakini tangu 25 Juni 2025 askari wa ukaguzi akiona huwezi kujibu maswali yake au kusoma alama za barabarani, anakusimamisha palepale. Jizoeze majibu ya barabarani: umetoka wapi, umebeba nini, saa zako za kazi zikoje. Kwa grini kadi yako, zile kanuni zilizobanwa Septemba 2025 kwa wasio wakazi wa kudumu hazikuhusu, ila wenye kibali cha kazi tu wanaosoma hapa waulize ofisi ya leseni kabla ya kulipa senti.

Shule lazima iwe kwenye orodha ya serikali kuu. Ndiyo sharti tangu Februari 2022. Fanya mtihani kwa gari la gia za mkono, kwa sababu ukifanya kwa otomatiki leseni inaandikwa kizuizi. Chukua na kibali cha trela mbili na tatu, ni mtihani wa kuandika tu. Bangi usiguse hata kama daktari wa jimbo amekuandikia. Vipimo vya madereva ni vya serikali kuu na jina lako likiingia kwenye daftari lao kila mwajiri analiona.

Maombi ya kupakia yanafunguliwa mengi kuanzia Septemba na Oktoba, kuelekea msimu wa Krismasi. Ukiajiriwa kwa msimu, uliza kabla ya kusaini kama watakubakiza na tarehe yako itahesabiwa kuanzia lini. Ukipata jibu liandike, na jina la aliyekupa.