Mrejesho: Printa chaguomsingi kwenye kompyuta za pamoja

Ndugu wadau, niliwaeleza kwamba katika ofisi yetu hapa Dodoma, mtu akitumia kompyuta ya pamoja ya masjala, barua yake huchapwa kwenye printa ya uhasibu, ghorofa ya juu. Nawashukuru sana kwa ushauri. Nilianza kwa kuzima mpangilio wa Windows 10 unaoifanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguomsingi (yaani ile inayochapa mtu asipochagua nyingine), lakini haikutosha, kwa sababu chaguo hilo huhifadhiwa kwa kila mtumiaji, si kwa kompyuta. Kilichofaulu ni skripti (programu fupi ya maagizo) inayojiendesha kila mtu anapoingia, ikasoma jina la kompyuta na kumchagulia printa ya chumba hicho. Kompyuta mpakato mbili zisizo kwenye domeni (mfumo wa kusimamia kompyuta zote za ofisi kwa pamoja) bado zinakaidi (mojawapo ni ya bosi), nazo nazirekebisha kwa mkono.