Tupeane uzoefu: kambi za likizo za watoto kujifunza kazi, Lamu na Malindi

MamaLangoni
Asalaam aleikum wenzangu. Jana mkutano wa wazazi tumeambiwa watoto wa gredi 9 wachague njia ya kuendea sekondari ya juu, STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii ama Sanaa na Michezo. Kijana wangu akanitizama akaniuliza mama nitajuaje nataka nini na sijawahi kushika kazi yoyote? Nimelala na hilo swali. Nikakumbuka zile kambi za likizo, mtoto anashinda na fundi ama na watu wa kasa ama pale makumbusho. Nani amempeleka mtoto, nani alipitia mwenyewe, ilikusaidia kujua kazi yako au pesa ilienda bure? Semeni jamani, ya Lamu ya Malindi yote nasoma.

MtotoWaMatondoni
Waaleikum salaam dada. Mimi niliingizwa kambi ya majahazi kwetu Matondoni nikiwa darasa la saba, tulikuwa wa kijijini, wa mjini na wengine wa Mokowe. Fundi siku ya kwanza hakuhutubia, alitupa pamba, mafuta na patasi butu akasema haya kalafatini huo ubavu. Kalafati inachosha nyinyi, unasukuma pamba kwenye mwanya wa mbao mbili unagonga unagonga, ukiruka mahali padogo tu hapo ndipo bahari itaingilia. Kilichonishika mimi ni kwamba yule mzee hana karatasi, hana mchoro, chombo chote kiko kichwani mwake, anatizama taruma, ule mti wa mbavu ya chombo, kwa jicho moja anasema hili limezidi, ukipima kweli limezidi. Nikawa namfuata na futi naandika kila kitu kwenye daftari la hesabu, yeye akanyamaza tu akaniacha. Sasa nasomea uhandisi Mombasa, na mhadhiri akianza habari za uzito na kuelea mimi naona mkuku, ule mti wa chini kabisa wa lile jahazi. Mpeleke mtoto dada, lakini mpeleke mahali atakaposhika kitu.

Swafi_Mld
Hapo kwa kushika kitu umesema kweli kabisa.

MzaziMaweni
Malindi hapa wangu nilimlipia kambi ya kompyuta, tangazo lilisema watajifunza kodingi na roboti. Laptopu moja watoto wanane, aliye mbele anabonyeza wengine wanatizama kisogo. Siku ya mwisho setifiketi zenye muhuri wa dhahabu na picha kibao. Nikamuuliza mwanangu umetengeneza nini akasema tuliangalia video. Ada niliyolipa ni ya mvuvi kwenda baharini mwezi mzima.

Kompyuta_Barani
Pole lakini usizichafue zote ndugu. Ziko za watu wanaojituma, mimi nilijifunzia kuandika programu kwenye ukumbi wa kanisa na mashine kuukuu na leo nakula kwa hiyo kazi. Uliza kabla ya kulipa: watoto wangapi kwa mashine moja, na mtoto atarudi nyumbani na nini alichokiunda.

MzaziMaweni
Mzazi wa kawaida atajuaje hayo maswali? Waandaaji ndio wajirekebishe, si sisi tusome kwanza.

Bint_Pate
Kaka wa Matondoni hongera. Sisi wasichana hatukupata hiyo bahati. Kambi moja Amu, yaani Lamu mjini, waandaaji siwataji, vijana walipewa nyundo na patasi wachonge nakshi kwenye vipande vya mbambakofi, sisi tukaambiwa tukae baraza la pili tupakane hina. Hina naijua tangu mdogo, kwetu kila harusi inapakwa, babangu hakulipa ada nikafundishwe hina! Niliomba patasi nikajibiwa utajikata. Na vijana walijikata, wakafungwa kitambaa wakaendelea. Mpaka leo nikipita Mkomani nikaona mlango wa nakshi roho yaniuma.

AmiMkomani
Mwanangu usiidharau hina, kuna akina mama mji huu wanasomesha kwa hina. Na uchonzi ni kazi ya wanaume tangu mababu.

Bint_Pate
Shikamoo ami. Hina sijaidharau, nimesema nilikuwa naijua tayari, na kambi ni ya kujaribu usichokijua. Na hiyo tangu mababu, mababu walishona mtepe kwa kamba bila msumari, leo mtepe uko wapi baharini? Kazi hubadilika ami.

AmiMkomani
Marahaba. Lakini uchonzi ni uchonzi.

MwalimuGongoni
Ami kwa heshima zote, mwezi huu nina wasichana darasani wanaopiga randa kushinda wavulana. Bint ana haki yake.

KijanaNgomeni
Nyinyi wa Lamu mna majahazi, sisi tuna roketi. Wengi wa Malindi wenyewe hawajui kwamba setilaiti inayoitwa Uhuru ilirushwa hapa kwetu, kwenye lile jukwaa la roketi la Waitaliano, San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya ndiyo maana ikapewa jina hilo, na ndiyo ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani huko mbali. Kambi yetu mwalimu alitupeleka ufuoni tukaona majukwaa kwa mbali, akauliza kwa nini Waitaliano waje mpaka hapa? Mmoja akasema kwa ajili ya ufuo. Akatueleza habari ya ikweta, hapa katikati ardhi inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure, na mashariki yetu ni maji matupu, ikianguka haimpigi mtu. Baadaye tukaunda zetu kwa chupa za soda, maji kidogo ndani, kizibo, pampu ya baiskeli. Ukijaza maji mengi haipandi, ukitia machache sana inatoa kelele tu inakufa, tukawa tunapima na kuandika mpaka moja ikapita juu ya minazi na watoto wa kijiji wakaikimbilia. Siku ile ndiyo nilijua nataka fizikia. Nasema ukweli, shuleni fizikia nilikuwa naiogopa.

Swafi_Mld
Watamu nao wanaonyesha watoto kasa. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, na mchanga ukiwa na joto sana wanatoka majike wengi. Mwanangu alirudi anapima joto la mchanga kila mahali, mpaka uani.

DadaShela
Mimi mmenikumbusha usiku wa Mkanda, sijapata kuuandika popote. Kambi ilikuwa ya mambo ya bahari, mikoko, samaki, ndege. Tukapelekwa na boti kwa njia ya ndani, tukarudi kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, wanaoujua wanajua maji yakipwa hapapitiki. Na ilikuwa bamvua, mwezi ndio umeandama, maji yanatoka mpaka yanaisha. Nahodha aliwaambia waandaaji twendeni maji yanatoka, wakamjibu ngoja kidogo watoto wapige picha jua likizama. Akarudia wakamjibu vilevile. Saa mbili usiku boti ikakaa juu ya tope. Giza totoro, mbu, mikoko huku na huku, wadogo wanalia, laifu jaketi hazitoshi watoto, simu ya kiongozi imekwisha chaji. Kijana mmoja mgeni wa Nairobi akasema atatembea mpaka ukingoni akaruka. Akazama mapajani. Kila akivuta mguu huu, ule mwingine unazidi kwenda, anapiga kelele nakufa nakufa na hakuna mtu mzima anayejua la kufanya ila nahodha ambaye naye yuko nyuma ameshika watoto

SokoLaMalindi
Subhanallah

MzaziMaweni
Ikawaje???

KijanaNgomeni
Dada usituache hapo

MamaLangoni
Na mimi ndio nataka kumpeleka wangu yarabi

DadaShela
Nimerudi nilikuwa namlaza mtoto. Kulikuwa na binti wa Kizingitini, miaka kumi na tatu, mtoto wa wavuvi, tangu asubuhi hakuna aliyemjali. Akamwambia yule kijana kwa sauti ya kuamrisha usikanyage, lala chali, lala! Akavuta ubao wa sakafu ya boti akautupa juu ya tope, akatupa kamba, nahodha na vijana wakubwa wakamvuta taratibu mpaka akarudi ndani, kiatu kimoja kimebaki. Kisha yule binti akatugeukia akasema maji yalijaa saa kumi jioni, yatakupwa mpaka saa nne, yakianza kurudi tukifika karibu saa saba boti itaelea yenyewe, asishuke mtu. Nahodha akasema amesema sawa. Viongozi kimya. Tukakaa, wakubwa kando wadogo katikati, nahodha akatusomea dua, na wallahi saa saba haijafika boti ikatikisika tukaelea. Gati ya Amu ilikuwa imejaa wazazi na taa, mamangu alinikumbatia huku ananipiga mgongoni. Yule binti sasa yuko Bandari Maritime Academy Mombasa anasomea ubaharia, na ile kambi hakuna aliyemwandika kuwa mwanafunzi bora.

Bint_Pate
Nimelia. Wangemwambia naye apake hina.

AmiMkomani
Binti huyo Mungu amhifadhi. Hao waandaaji walitakiwa wafikishwe kwa chifu.

NahodhaMstaafu
Wazazi sikilizeni. Likizo ya Agosti ni kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, msiruhusu mtoto boti kabisa. Desemba sawa.

MtotoWaMatondoni
Mzee wangu kusi kwa nje ya Shela nakubali, ila ndani Mkanda upepo si tatizo, tatizo ni bamvua. Tizameni mwezi kabla ya kusaini fomu.

Swafi_Mld
Mtoto apewe simu na pawabanki.

MwalimuGongoni
Asipewe simu kabisa! Akipewa simu kambi nzima ataipitishia kwenye simu. Kiongozi ndiye awe nazo mbili na ziwe na chaji. Na mtoto ajue kuogelea kwanza.

SokoLaMalindi
Na mkate wa sinia kwenye begi, kungoja maji usiku kucha na tumbo tupu haiwezekani.

BabaGede
Mimi niwarudishe nchi kavu. Si lazima ada kubwa. Hapa Gede mradi wa Kipepeo uko tangu 1993, wakulima wa pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, na pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, zinauzwa mpaka ng'ambo. Binti yangu nilimwomba jirani mfugaji akae naye likizo, hakuna bango hakuna fulana. Amejifunza kila kiwavi na mti wake, ukimpa majani siyo anakufa, na pupa ikichelewa kusafirishwa kipepeo anatokea njiani na hasara ni yako. Sasa amechagua STEM mwenyewe bila mtu kumsukuma, na hesabu za mauzo za jirani anaandika yeye.

Kompyuta_Barani
Hii ya jirani ndiyo kambi niliyoipenda kuliko zote.

MzaziMaweni
Naunga mkono.

MamaLangoni
Shukran sana, nimemsomea mwanangu yote, amesimama kwenye ile ya futi na daftari anataka huko. Kaka wa Matondoni yule fundi bado anafanya kazi? Anapokea watoto?

MtotoWaMatondoni
Yupo, Desemba nami nitakuwa nyumbani. Hana kambi wala setifiketi, ana jahazi la kutengeneza na anapenda mtoto anayeuliza.

Bint_Pate
Anapokea wasichana? Nina mdogo wangu gredi 8.

MtotoWaMatondoni
Ngoja nimpigie.

MtotoWaMatondoni
Nimempigia. Amesema wote waje, wavae nguo wasizozipenda maana mafuta ya sifa, yale ya samaki ya kupaka jahazi, harufu yake haitoki, na waje mapema kabla jua halijawa kali.

Bint_Pate
Mwandike leo hii.

MamaLangoni
Na wangu. Boti ya kwenda Matondoni asubuhi yaondoka saa ngapi siku hizi, au wapite kwa punda?