Mrejesho: Wanafunzi wetu wa Longido na kazi za afya

Wakuu, niliomba ushauri wa kuwafungua macho wanafunzi wa shule yetu ya kata, wengi wao watoto wa wafugaji, kuhusu kazi za afya. Nilifuata wazo la kumwalika muuguzi anayeongea Kimaasai. Aliwapima presha, kisha akawapa stetoskopu wasikilizane mapigo ya moyo, mabinti waliigombania! Walikuwa wanajua daktari na nesi tu, sasa wanauliza maabara, famasia, na utabibu (kazi ya matabibu, yaani clinical officers). Kubwa zaidi, wameelewa kwamba stashahada ya utabibu inataka angalau D za Baiolojia, Kemia na Fizikia. Waliokuwa wameitupa Fizikia kidato cha tatu wameanza kurudi darasani. Nimefurahi mno. Mwenye vitabu vya Fizikia asivyovitumia, tafadhali anitafute.