9600 baudi ni KB ngapi kwa sekunde? Hesabu yangu na saa haviendani

fundimizani:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wanaozijua hizi spidi za zamani. Nipo kiwanda cha kuchambua pamba, tuna mizani ya malori ya miaka ya 90, nyuma ina ile poti ya pini 9, na rekodi za misimu yote zimo humo humo ndani sasa tunataka kuzihamishia kwenye kompyuta. Setingi inasema 9600 baudi. Nikapiga hesabu kwamba 9600 ni kama KB 9.6 kwa sekunde, rekodi zote ni baiti 1,300,000, kwa hiyo dakika mbili na kidogo kazi imeisha. Nimechomeka kebo, nimeshika saa ya simu, imechukua dakika 24 na sekunde 50! Nimerudia leo asubuhi, muda ule ule. Data imefika nzima, hakuna hata mstari uliopotea, ila bosi anasema kebo mbovu ninunue nyingine. Ni kebo kweli au mimi ndo nimekosea kugeuza?

mtu_wa_netiweki:
Usinunue kebo mkuu. Hiyo 9600 ni biti siyo baiti. Baiti moja ni biti 8, gawa 9600 kwa 8 unapata baiti 1,200 kwa sekunde, yaani kama dakika 18. Hizo nyingine karibu 7 labda mashine imechoka inapumzika njiani.

mzee_wa_modemu:
Samahani mkuu hapo juu, ya biti na baiti uko sahihi kabisa ila kwenye hiyo poti hatugawi kwa 8, na mashine haipumziki. Upande unaopokea haujui herufi inaanza saa ngapi, ndo maana kila herufi inatanguliwa na biti moja ya kuanzia na kufungwa na moja ya kumalizia. Chukua herufi A, namba yake ni 65, kwa biti ni 01000001. Kwenye waya inapita hivi: 0 ya kuanzia, halafu 1 0 0 0 0 0 1 0 (inatangulia biti ndogo ndo maana unaiona imegeuka), mwisho 1 ya kumalizia. Zihesabu, ni 10. Kwa hiyo 9600 ni baiti 960 kwa sekunde, na mzigo wako ni dakika 22 na sekunde 34.

Bado kuna dakika mbili na ushee hazina mwenyewe. Fundi hebu nenda kaangalie setingi ya pariti, kama imeandikwa 8E1 basi kuna biti nyingine ya ukaguzi inaongezeka, zinakuwa 11.

Halafu tuache kuchanganya baudi na biti jamani, hii inaumiza watu wengi. Baudi, jina limetoka kwa Mfaransa wa telegrafu Émile Baudot, ni idadi ya ishara kwa sekunde. Kwenye poti ya mizani ishara moja inabeba biti moja, kwa hiyo namba zinalingana. Kwenye modemu za simu hazilingani, ile ya V.22bis ya biti 2,400 ilikuwa baudi 600 tu, kila ishara imebeba biti 4, lakini watu wote waliiita modemu ya baudi 2400.

dada_wa_kafe:
Mmenikumbusha mbali. Mwaka 2004 nilikuwa nahudumia intaneti kafe hapa Dar, kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijafika 2009, tulikuwa na dishi la 128 kbps kwa mashine 10. Pale unagawa kwa 8 sawa, baiti 16,000, gawia mashine 10 kila mteja ana 1,600. Mtu akiambatanisha picha ya MB 1 kwenye imeili ni zaidi ya dakika 10 amekaa anaangalia mstari, na anakulipa kwa nusu saa, roho ilikuwa inaniuma kweli.

Kingine msisahau K. Spidi za laini K ni 1,000 siku zote, ila kwenye CD ni 1,024. CD ya 1x ni KB 150, yaani baiti 153,600 kwa sekunde, hivyo drive ya 52x kwenye kilele chake ni baiti 7,987,200, tuseme MB 8, au Mbps 64 kwa lugha ya vifurushi vya leo.

fundimizani:
Mzee Mungu akubariki. Nimeenda kuangalia, pariti iko E, biti 8, ya kumalizia 1. Nimegawa kwa 11 napata baiti 872.7 kwa sekunde, jumla sekunde 1,489 na nusu, dakika 24 na sekunde 50 ile ile ya kwenye simu yangu! Nimemwonyesha bosi karatasi, kebo inabaki.

mzee_wa_modemu:
Safi sana. Kama mizani inakubali 19200 ipandishe, pande zote mbili lakini, mizani na kompyuta, la sivyo utapokea herufi za ajabu ajabu. Itashuka mpaka dakika 12 na sekunde 25. Pariti iache hivyo hivyo, hizo ni rekodi za uzito wa pamba za watu.