Hoteli na fleti kwenye kilima cha mawe Mwanza: tuchonge mlima au tuufuate?

Msanifu_Ziwani:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ofisi yetu imepewa kazi ya kusanifu hoteli ya vyumba 40 pamoja na fleti 24 kwenye mteremko wa mawe jijini Mwanza, upande wa magharibi unaotazama Ziwa Victoria. Mteja anataka kilima kichongwe mpaka kipatikane kiwanja tambarare, kisha lisimamishwe jengo moja la ghorofa 8, kwa hoja kwamba msingi mmoja na lifti moja ni nafuu. Mimi napendekeza majengo madogo yanayoshuka na mteremko. Anasema anajali mazingira, ila kila tukifika hapo mazungumzo huishia kwenye sola. Ni hoja zipi ambazo mtu anayehesabu fedha atazisikiliza?

Mhandisi_Misingi:
Mkuu, anza na mawe yenyewe kabla ya kuchora chochote. Graniti huoza kuanzia kwenye nyufa, kisha mvua huondoa kile kilicholainika na kuacha mawe ya mviringo yaliyopandana. Ndiyo maana jiwe lenye ukubwa wa nyumba linaweza kuwa limekalia udongo na si mwamba mama (mwamba imara wa chini), na kwa macho hutaona tofauti. Lazima mchoronge, yaani mtoboe ardhi kwa mashine kuona kilicho chini. Mkichonga kitako cha mteremko bila kujua hilo, mnaondoa kilichokuwa kinashikilia mawe ya juu.

Kuhusu fedha, mwombe mkadiriaji majenzi aweke bei ya kupasua mawe bila baruti (majirani wako karibu), ya kusomba kifusi, na ya ukuta wa kuzuia udongo wenye kimo cha ghorofa mbili, ambao usipowekewa kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji utasukumwa na maji yaliyonaswa humo. Nina hakika unafuu wa jengo moja utapungua sana. Hata hivyo, mteremko nao una masharti yake: nguzo fupi za upande wa juu hubeba nguvu kubwa kuliko ndefu ardhi inapotikisika, na tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilisikika hadi Mwanza, kwa hiyo zipigiwe hesabu peke yake.

Mtaalamu_Maji:
Naongezea la maji, kwa kuwa hapo ndipo mazingira yanapoguswa kweli. Mwanza hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja; paa za mita za mraba 800 zinapokea karibu lita 800,000. Haziwezi kuendesha hoteli, ila zitapunguza bili ya kufulia na ya bustani, na matangi yakikaa juu, maji yatashuka yenyewe bila pampu. Msiyoyakinga yataishia kwa jirani wa chini, pamoja na tope lenu.

Majitaka ni magumu zaidi. Shimo la kunyonya halifai penye mwamba, kwa hiyo ulizeni mapema mamlaka ya maji kama bomba lake la majitaka linafikika kwa mteremko wa kawaida, bila pampu. Mkilazimika kujenga mtambo wenu, msiusukume ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinatangulia ujenzi.

Meneja_Mapokezi:
Wahandisi wamesema yao. Mimi nasimamia vyumba. Mandhari ya magharibi huuza chumba asubuhi na kukichoma alasiri, kwa sababu jua la saa kumi linaingia chini ya kibaraza. Wekeni vizuizi vya wima na madirisha yanayopitisha upepo wa ziwa kutoka upande hadi upande, la sivyo viyoyozi vitakula umeme wote wa hiyo sola. Pia fikirieni mhudumu aliyebeba mashuka: majengo yakitawanyika kwenye ngazi, mishahara itaongezeka. Mapokezi na dobi vikae katikati ya mteremko, fleti ziwe juu zikiwa na njia yao ya gari.

Msanifu_Ziwani:
Nawashukuru sana. Fleti zitauzwa, si kupangishwa. Je, hilo linabadilisha chochote?

Mhandisi_Misingi:
Ndiyo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila mnunuzi kupata hati yake, lakini kuta za kuzuia udongo, matangi na mifereji vinabaki mali ya wote. Amueni sasa, kwa maandishi, nani atazibua matundu ya ukuta kila kabla ya masika: hoteli au wenye fleti.